Tulinde vidudu vyema vya tumboni

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayepika nyumbani,

Tukisikia neno « vidudu », tunafikiri mara moja magonjwa: kolera, tifoidi, kuhara damu. Ni haki kuyaogopa. Lakini katika utumbo mpana wa kila mtu mzima wa afya mnaishi vidudu vingine, vingi mno, ambavyo vinatufanyia kazi mchana na usiku.

Kazi gani? Bukari unayokula huyeyuka zaidi katika utumbo mwembamba. Lakini makapi ya mahindi, nyuzi za sombe na za lenga-lenga, maganda ya maharagi, hayo hayayeyuki pale. Yanashuka mpaka utumbo mpana. Huko vidudu vyema vinayachachusha, na katika kuchacha hutoka asidi tatu: asetiki, propioniki na butiriki. Hii butiriki ndiyo chakula kikubwa cha ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Ikipungua, ngozi hiyo inadhoofika, na vidudu vibaya vinapata njia ya kupita.

Mwaka 2015 wataalamu walitangaza jaribio hili: Waamerika weusi 20 na watu 20 wa vijiji vya Afrika ya Kusini walibadilishana chakula kwa majuma 2. Waamerika walikula mahindi, maharagi na mboga. Wanavijiji walikula nyama na mafuta mengi. Kwa Waamerika butiriki iliongezeka mara 2 na nusu. Kwa wanavijiji ilipungua kwa nusu. Majuma 2 tu!

Basi mama, usidhani unga mweupe kabisa na mkate ndivyo chakula cha watu walioendelea. Unga uliosagwa pamoja na makapi unafaa zaidi. Hata bukari baridi ya jana, ikiwa imefunikwa vizuri, ina faida: ikipoa, sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kuyeyuka na inavifikia vidudu vyema. Munkoyo pia huchachushwa na vidudu vya namna hii, lakini maji utakayoongeza yawe yamechemshwa.

Jambo linalotuharibia sana ni vidonge vya barabarani. Mtu anahara mara mbili, anakimbilia kununua tetrasikilini kwa muuzaji asiye mganga. Dawa hiyo haina macho: inaua vidudu vyema pamoja na vibaya, na mara nyingine kuhara kunazidi. Kwanza rudisha maji mwilini: maji safi litri 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu ya kijiko hicho.

Kazini, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Vumbi la shaba na kobalti si kitoweo.

Choo kikiwa na damu, au kama maji ya mchele, homa ikipanda, au macho ya mtoto yakizama ndani, usingoje kesho. Nenda lopitali siku ileile, na njiani endelea kumnywesha.