Zafarani na Sukari ya Damu

Zafarani itiwayo katika biriani na halua hutokana na ua la zambarau la mmea uitwao Crocus sativus, ambao hulimwa zaidi nchini Irani, hasa katika nyanda kavu za Khorasan. Kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu, nazo ni ncha za sehemu ya kike ipokeayo chavua. Mmea wenyewe ni tasa. Hauzai mbegu, bali huoteshwa kwa matunguu. Maua huchumwa kwa mkono, na kilo moja ya nyuzi kavu huhitaji maua yapatayo 150,000. Si ajabu basi kwamba bei yake ni kubwa na udanganyifu ni mwingi.

Rangi ya zafarani hutokana na krosini, na uchungu wake hutokana na pikrokrosini. Nyuzi zikaushwapo, pikrokrosini huvunjika na kutoa safranali, yenye ile harufu ijulikanayo. Krosini ni ya jamii moja na rangi ya karoti, lakini molekuli yake imefungamana na sukari, kwa hiyo huyeyuka katika maji. Utumboni vifungo hivyo hukatwa, na kinachoingia katika damu ni krosetini.

Je, kitu hiki hupunguza sukari ya damu? Katika majaribio mengi, ambayo zaidi yalifanyika Irani, watu wenye kisukari cha aina ya pili walipewa kati ya miligramu 15 na 100 kwa siku, kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Wenzao walipewa vidonge vya sura ile ile visivyo na zafarani. Kundi hili la pili ni la lazima. Mgonjwa aingiapo katika jaribio huanza kuchunga chakula chake na kumeza dawa zake kwa wakati. Sukari yake yaweza kushuka kwa sababu hiyo tu. Tofauti kati ya makundi mawili ndiyo ihesabiwayo.

Tofauti hiyo imeonekana, lakini ni ndogo. Sukari ipimwayo kabla ya kula ilishuka kidogo. Kuhusu mafuta ya damu matokeo hayapatani, na uzito wa mwili haukubadilika sana. Tena, kwa kawaida wagonjwa hao waliendelea na dawa za hospitali. Aachaye dawa zake akategemea zafarani anafanya jambo ambalo majaribio hayo hayakulipima, na sukari isiyodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Mwenye mimba naye asizidishe kipimo cha chakula cha kawaida.

Wanafunzi wanaweza kukokotoa: miligramu 30 kwa siku ni maua manne na nusu hivi, na kwa wiki 12 ni maua kama 380. Auziwaye mfuko mzima wa unga kwa bei ya chumvi hakika hakuuziwa hayo. Mara nyingi huwa ni manjano, jambo linaloweza kuchunguzwa darasani. Koroga unga kidogo katika maji, kisha tia magadi. Manjano hugeuka na kuwa nyekundu ya kahawia; zafarani hubaki na umanjano wake.