Nani anamchubua nani? Sarufi ya ushauri wa ngozi Baraka na Fizi

Watu wengi wa Fizi hulelewa katika Kibembe, lugha ambayo Guthrie aliipa alama D54, lakini wanaponunua sabuni na mafuta sokoni Baraka huongea Kiswahili. Kiswahili hicho kina sura mbili: kile cha Kongo, na kile kilichovuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na familia zilizoishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Makala haya yanachunguza sentensi za kawaida zinazosemwa juu ya ngozi, hasa juu ya kubadilisha rangi yake. Swali ni la kisarufi: katika kila sentensi, nani anatenda na nini kinatendwa? Hoja yangu ni kwamba imani nyingi potofu hujificha katika nafasi ya kiima.

Vitenzi vya muuzaji

Muuzaji husema: "Mafuta haya yanang'arisha" au "Krimu hii inatakatisha uso." Kiima ni bidhaa, kitenzi kiko katika kauli ya kutendesha, na matokeo yanasifiwa. Tuangalie takata: maana yake ni kuwa safi, nacho ni ndugu wa takasa na takatifu. Anayesema ngozi "imetakata" baada ya kuwa nyeupe amesema, hata bila kukusudia, kwamba hapo kwanza ilikuwa chafu.

Rangi si uchafu. Melanini hutengenezwa na seli za ngozi yenyewe, na husaidia kupunguza madhara ya mionzi ya jua. Hakuna sabuni inayoweza kuiosha. Haidrokwinoni na zebaki huzuia utengenezaji wake. Klobetasoli, steroidi yenye nguvu, nayo hupunguza rangi huku ikiifanya ngozi kuwa nyembamba.

Vitenzi vya mkosoaji

Upande wa pili kuna chubua, chubuka, mchubuko. Mtoto akianguka na kukwaruza goti, tunasema amechubuka. Kwa hiyo kujichubua ni neno la kweli kuliko kutakata: linakiri kwamba ngozi inaumizwa.

Hata hivyo kiambishi -ji- kina gharama yake. Kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Aliyechanganya dawa, aliyeiuza bila lebo, na jirani aliyesifu weupe, wote wametoka nje ya sentensi; amebaki dada peke yake. Nomino mkorogo, kutoka koroga, nayo inatuambia kwamba kitu kimechanganywa, bila kututajia kilichomo. Ndiyo maana "Acha kujichubua!" husikika kama karipio. Msikilizaji ameambiwa juu ya tabia yake, hajaambiwa lolote juu ya figo zake.

Sentensi ya tatu

Napendekeza tuiazime sarufi ya muuzaji na kubadilisha kitenzi. Bidhaa ibaki kiima, madhara yatajwe, na kiungo kinachodhurika kitajwe pia:

"Zebaki iliyo ndani ya krimu inaharibu figo."
"Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi yasiyotoka."
"Klobetasoli inaikondesha ngozi na kuiachia michirizi."

Sheria ya kimataifa tayari inasema hivyo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 haumkaripii mtumiaji, unaitaja bidhaa. Ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni vikomeshwe ifikapo 2020, na mwaka 2023 wanachama wake waliamua kwamba hata kiwango hicho kidogo kiondolewe ifikapo 2025.

Aliyezoea krimu ya steroidi asiambiwe tu "Acha leo." Kuacha ghafla kunaweza kuleta wekundu na muwasho mkali, na wengi huirudia krimu kwa sababu hiyo. Aelekezwe kituo cha afya, aende na kopo lake mkononi.

Imani nyingine kwa kipimo hichohicho

"Chunusi ni damu chafu inayotoka." Hapa kiima ni damu, kwa hiyo tiba hutafutwa tumboni, kwa dawa za kuharisha. Kumbe vitundu vya ngozi huzibwa na mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, kisha bakteria huongezeka humo. Kuosha uso taratibu kwa sabuni isiyo kali na kutokamua kunafaa zaidi.

"Ngozi nyeusi haiungui na jua." Huu ni ukanushi usio na mpaka. Ngozi nyeusi inakingwa zaidi, lakini haikingwi kabisa. Na katika familia hizohizo wamo watu wenye ualbino, ambao melanini yao ni kidogo sana au haipo. Kwao kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi.

Ushauri wa kila siku ni mfupi: oga kwa sabuni isiyo kali, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, usinunue krimu isiyoonyesha kilichomo.

Zoezi

Kusanya sentensi tano juu ya ngozi kutoka redioni, sokoni na kwenye lebo. Pigia mstari kiima na kitenzi. Kisha ziandike upya ili kinachodhuru kiwe ndicho kiima, na uwasomee watu wawili wasiosoma isimu. Waulize: nani ametenda nini?