Kutunza Rangi ya Motokaa Mpya

Mhariri aliniomba niandike somo la sayansi kwa sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu, nami nimechagua rangi ya motokaa. Najua wengine watacheka, maana katika shule nzima hakuna mwanafunzi mwenye hata pikipiki. Lakini walimu wana motokaa, wageni huja na motokaa, na wanaoziosha ni sisi. Tena wako wasomaji waliomaliza hapa zamani ambao sasa wana zao. Basi someni, kwa maana mimi somo hili nililipata kwa aibu.

Mwaka jana, siku ya michezo, mmoja wa wanafunzi wa zamani alikuja katika motokaa ya spoti, Mazda MX-5 mpya, nyekundu, yenye viti viwili na paa linalokunjwa nyuma. Sitamtaja jina. Itoshe kusema kwamba ndiye anayenilipia karo tangu kidato cha tatu. Motokaa ilikuwa imejaa vumbi la njia yetu ya udongo mwekundu. Nami, nikitaka kumpa heshima, nikawaita vijana watatu wa kidato cha kwanza, tukachukua ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia, na matambara ya jikoni. Tukaisugua juani saa saba mchana hata ikameta. Alipotoka kula aliizunguka kimya, akainama, akatazama boneti kwa kuelekea jua. Nami nikatazama. Boneti nzima ilikuwa kama utando wa buibui.

"Kitambaa hiki kimetoka wapi?" akauliza.

"Jikoni, bwana."

"Na nani aliyewaambia waoshe hivi?"

Wale wadogo walitazama chini. Nakiri kwamba kwa kitambo nilifikiri kuhusu karo yangu kuliko kuhusu ukweli. Kisha nikasema, "Ni mimi, bwana."

Alinyamaza. Halafu akasema, "Likizo utakuja Kampala kwa fundi wangu. Utaona ulichokifanya, na utakitengeneza kwa mkono wako." Basi nikaenda, nikakaa wiki tatu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza lazima kujua rangi yenyewe ni nini. Watu hudhani ni kitu kimoja kilichopakwa juu ya bati, kama tunavyopaka mlango. Sivyo. Kiwandani bodi hutumbukizwa katika rangi ya chini inayoshikishwa kwa nguvu za umeme, ili kuzuia kutu. Juu yake huja tabaka la kulainisha, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka la mwisho lisilo na rangi, linaloonekana kama kioo, ambalo mafundi huliita klia. Rangi nyekundu ya Mazda iitwayo Soul Red Crystal, iliyotoka mwaka 2017, ina jambo la zaidi: chini kuna tabaka la kurudisha nuru, na juu yake tabaka jekundu linalopitisha nuru. Ndiyo sababu hung'aa kana kwamba ina moto ndani, na ndiyo sababu fundi yeyote akipewa kuziba jeraha lake hukuna kichwa.

Sasa sikilizeni unene wake. Matabaka yote kwa jumla ni kama maikroni 100 hadi 130, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chukua karatasi moja ya daftari lako, ishike kwa vidole viwili: unene wake hauko mbali na huo. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50, yaani kama nusu ya karatasi hiyo. Hiyo ndiyo ngozi yote inayopambana na jua la ikweta, mawe, ndege, na wanafunzi wenye matambara.

Na kwa nini tambara liikwaruze? Tambara halina kosa, kosa ni la vumbi. Waliosoma jiografia wanakumbuka kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, alichokitoa mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10. Mchanga una chembe za kwatzi, na kwatzi ni 7. Kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu. Kama chembe hiyo hukwaruza kioo, klia, ambayo ni namna ya plastiki, itafanyaje? Nilipotumbukiza tambara katika ndoo ile ile moja nilikuwa nikichota mchanga na kuurudisha juu ya boneti. Nilikuwa nikiipiga msasa, nami naimba.

Kuna jambo moja lililonipendeza sana kwa upande wa fizikia. Mikwaruzo ile huonekana kama miviringo inayoizunguka taa, na ukisogea, miviringo nayo husogea pamoja nawe. Nilidhani ni kwa kuwa tulisugua kwa kuzungusha mkono. Fundi akanionyesha motokaa nyingine iliyofutwa kwa kwenda mbele na nyuma tu, nayo ina miviringo vilevile. Ukweli ni kwamba mikwaruzo imeelekea kila upande, lakini ule tu unaokingama njia ya nuru ndio unaoirudisha machoni pako. Mingine ipo, ila haionekani. Tazama sufuria yoyote iliyosuguliwa kwa mchanga, utaona hivyo hivyo.

Basi kuosha ni hivi. Iweke motokaa kivulini, bati liwe baridi. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa, ili mchanga uondoke wenyewe. Uwe na ndoo mbili: moja ya maji yenye shampuu ya motokaa, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Tumia glovu ya sufu au kitambaa cha maikrofaiba, anza paani ushuke chini, na kila ukimaliza sehemu moja suuza glovu katika ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Magurudumu yawe na kitambaa chao mbali. Sabuni ya unga acheni kwa mashati. Ni kali, nayo huondoa nta yote. Na ile desturi ya madereva wengi ya kufuta vumbi asubuhi kwa kitambaa kikavu ni mbaya kuliko kutoosha kabisa. Kadhalika kufunika kwa turubai motokaa yenye vumbi: upepo hulitikisa turubai usiku kucha, nalo hufanya kazi ya msasa. Wengine hupaka dizeli ili ing'ae. Hung'aa, naam, hata vumbi linaloshikamana nayo litakapofika.

Ndege ni adui wa pekee, na wenzangu wa Kampala wanawajua kaloli, korongo wale wakubwa wanaokaa juu ya miti kando ya barabara. Mavi ya ndege yana asidi. Jua likipiga, klia hupata moto na kulegea. Jioni ikipoa hujikaza juu ya uchafu ule na kushika umbo lake, hata ukiosha kesho unakuta alama imebaki. Usikwangue. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake kwa dakika chache, kisha kiinue.

Tuje kwenye ulinzi wenyewe. Wa kale ni nta, na bora katika nta ni ile ya karnauba, inayotoka katika majani ya mti wa jamii ya mitende uitwao Copernicia prunifera, wa kaskazini mashariki ya Brazili. Majani hukatwa, hukaushwa, hupigwa, na unga wa nta hupukutika. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, karnauba kwenye 82 hadi 86, ndiyo maana hustahimili jua. Lakini kwa mvua zetu haikai zaidi ya wiki chache au miezi michache.

Wa pili ni dawa ya seramiki, majimaji yenye asili ya silika ambayo hushikana na klia na kuwa ngumu. Maji juu yake hujikunja kama shanga na kuteleza na uchafu wake, nayo hudumu miaka kadhaa. Wauzaji huisifu kupita kiasi. Unene wake ni maikroni moja au mbili tu, na jiwe la barabarani haliulizi kama umepaka seramiki.

Jiwe huzuiwa na ngozi ya plastiki ya poliyurethani tu. Poliyurethani iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Na ngozi ya namna hii ilitumika kukinga mapanga ya helikopta za Marekani katika vita vya Vietnam, kabla ya kufika kwenye motokaa za mashindano. Haionyeshi rangi yoyote, na unene wake ni kama maikroni 200, yaani kushinda rangi yote iliyo chini yake. Motokaa ya spoti huihitaji kuliko lori, kwa kuwa pua yake iko chini na magurudumu yake mapana hurusha mawe kwenye ubavu wake wenyewe. Kumbukeni kanuni ya nguvu ya mwendo: kasi ikizidi mara mbili, kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, kishindo cha jiwe lile lile huwa mara nne. Ngozi hii ni ghali mno, basi fundi aliivisha bamba, boneti, vioo vya pembeni na nyuma ya magurudumu tu, naona alifanya vyema.

Wengine husema motokaa mpya isitiwe chochote kwa miezi. Neno hilo ni la kweli kwa rangi iliyopakwa gerejini, ambayo bado inatoa mvuke wa thina na yafaa ingojwe wiki kadhaa. Rangi ya kiwandani imeokwa katika joto la nyuzi kama 140, nayo iko tayari siku inaponunuliwa.

Kabla ya kuvisha ngozi ilibidi niondoe mikwaruzo yangu kwa polishi. Kuondoa mkwaruzo maana yake ni kupunguza klia mpaka ufike chini ya mkwaruzo. Fundi aliweka kipimo juu ya boneti: 121. Nikafanya kazi siku mbili, mashine mkononi, naogopa hata kupumua. Akapima tena: 118. Maikroni 3 za klia, ambayo haioti tena kama kucha, zimekwenda kwa sababu ya ndoo moja.

Muhula huu bwana yule alikuja tena, siku ya wazazi, akaiegesha chini ya mti mkubwa wa mbele ya kanisa. Nilimwomba aisogeze, akatazama juu, akaona viota, akaisogeza bila neno. Saa kumi na moja jioni tuliiosha, mimi na wale vijana watatu, ambao sasa wako kidato cha pili. Tulipomimina ndoo ya kusuuzia, chini yake palibaki mchanga mwekundu, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Niliupitisha ndoo kwa ndoo, kila mmoja akautia kidole.