MKAA MBADALA: HAUNA MOSHI, LAKINI UNAUA
Kijitabu cha elimu kwa wananchi wa Chanika, Handeni na Korogwe

Kwa nini tunakuandikia
Serikali ilizipa muda taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku hadi Januari 31, 2024 ziache kuni na mkaa. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni hatua kubwa, na tunajivunia. Miti ya Handeni imeishia mno kwenye magunia ya mkaa kando ya barabara ya Chalinze–Segera. Wapo wanaouacha mkaa huo na kutumia mkaa mbadala wa magunzi; tunataka ujue ulivyo, na hatari yake.

Mkaa mbadala unavyotengenezwa
Magunzi ya mahindi huchomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo. Yakishakuwa meusi hupondwa, huchanganywa na uji wa muhogo, hushindiliwa, kisha huanikwa juani hadi yakauke. Hakuna mti uliokatwa. Vikundi vinavyofanya kazi hii vinastahili pongezi.

HATARI!
Wapo wanaosema, “Huu hauna moshi, naweza kulala nao.” Usithubutu! Mkaa wowote unaowaka, uwe wa mti au wa magunzi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki. Hung’ang’ania damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200, mwili ukakosa hewa. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, nguvu huisha. Wengi hudhani ni malaria. Aliyelala huenda asiamke.

Zingatia
1. Washia jiko nje na upikie mahali penye hewa ya kutosha.
2. Usiingize jiko chumbani, hata wakati wa baridi ya Juni na Julai, hata kama makaa yamefunikwa majivu. Dirisha kuwa wazi si kinga.
3. Mtu akizidiwa, fungua milango, mtoe nje upesi, mwahishe kituo cha afya. Zimamoto na Uokoaji: 114, bila malipo.

Mikopo
Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kutengeneza mkaa mbadala vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Masharti yapo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

Tunarudia: kukosa moshi si kukosa sumu. Mzazi, usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, hakikisha jiko liko nje.