Mwani Unaopauka na Kichwa Kinachouma

SWALI: Mimi ni mkulima wa mwani hapa Paje. Kotonii yangu hugeuka nyeupe ikakatika kambani, nami nikirudi kutoka pwani kichwa huniuma na kizunguzungu hunishika. Je, sababu ni moja?

JIBU: Naam, bibi, asili yake ni moja, nayo ni joto. Kotonii ni mwani dhaifu: bamvua linapokupwa karibu na adhuhuri wakati wa kaskazi, na maji machache yaliyobaki yakapata moto kupita nyuzi 30, shina hudhoofika, vijidudu vikapata njia ya kuingia, nalo likapauka na kukatika. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, hustahimili zaidi, walakini thamani yake ni duni. Na hapo ndipo ilipo dhulma, kwani anayelipa gharama ya joto hili, linalozidishwa na uchomaji wa makaa ya mawe duniani, ni mwanamke ambaye hakuchoma makaa hayo hata pakacha moja. Kuhamishia kamba kwenye kina kirefu husaidia, lakini huhitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, ambao wengi wenu hamkupewa fursa ya kujifunza.

Ama kichwa chako, mwili hujipoza kwa jasho, na jasho lisiporudishiwa maji, damu hupungua. Nenda na dumu la maji, unywe kabla ya kiu. Na mwenzio akianza kupayuka maneno yasiyoeleweka, mwili wake u moto, mlazeni kivulini, mmwagieni maji, na kumfikisha hospitali bila ya kukawia.