Bakteria wa Kinywani Wanapoizoea Dawa

Rafiki msomaji, umeamka umechelewa. Mswaki hujapiga, basi unachukua ile dawa ya kusukutua, unazungusha mdomoni, unatema, mbio shule. Mdomo unanukia vizuri, hakuna wa kukucheka darasani. Kesho tena, na keshokutwa. Je, umewahi kujiuliza bakteria wa mdomoni wanafanya nini wakikutana na dawa ile ile kila siku?

Njia ikifungwa

Tuanzie Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa amekwama Kwihara, hakurudi pwani. Alizungukia kusini, akafika Ujiji mwaka huo huo.

Dawa ya kuua vijidudu nayo ni kama kufunga njia. Wengi wanakwama, lakini wachache wanapita. Tofauti ni moja: Stanley alifikiri, bakteria hafikiri. Sasa anapitaje?

Dawa inavyofanya kazi

Dawa inayojulikana sana kwa kazi hii ni klorheksidini. Mwaka 1970 watafiti Löe na Schiött, waliokuwa Denmark, walionyesha kwamba kusukutua kwa dawa hii yenye nguvu ya asilimia 0.2, mara mbili kwa siku, kunazuia ukoga usijengeke kwenye meno. Dawa hunata kwenye ukuta wa bakteria, hutoboa utando wake, na vilivyomo ndani huvuja. Bakteria anakufa.

Lakini dawa haifiki kila mahali kwa nguvu ile ile. Ukoga ni mji wa bakteria waliobanana tabaka juu ya tabaka. Wa juu wanapata dawa kali, wa chini wanaonja tu. Tena dawa inayobaki mdomoni hupungua nguvu kadiri saa zinavyopita.

Wanaobaki ni akina nani?

Kati ya bakteria wengi, wachache huwa na tofauti ndogo. Wengine wana pampu za kuitoa dawa nje. Wengine utando wao hauikamati dawa vizuri. Dawa hafifu inaua wenzao, wao wanabaki na kuzaana. Watoto wanarithi tofauti hiyo.

Maabara, wanasayansi waliwapa bakteria wa kinywani dawa kidogo kidogo, mara nyingi. Baadhi yao baadaye walihitaji dawa nyingi zaidi ili wafe. Hayo ni ya maabara. Haina maana kwamba dawa imeshindwa mdomoni mwako, ila ni onyo.

Inakuhusu nini?

Klorheksidini hutumika pia hospitali kusafisha ngozi kabla ya upasuaji. Isitoshe, baadhi ya bakteria waliozoeshwa dawa hii maabara walionekana kustahimili hata antibiotiki fulani. Na Tanzania tumeshaonja jambo la aina hii: vimelea vya malaria viliizoea klorokwini, ikabidi mwaka 2001 nchi iiache kama dawa ya kwanza ya malaria. Vimelea vile si bakteria, lakini somo ni lile lile.

Ufanye nini, basi?

• Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Bakteria hawezi kuzoea kung'olewa na kutemwa! Hata mswaki wa mti unafaa, ukitafuna ncha mpaka ilainike na kusugua taratibu.

• Soma lebo. Kama dawa ya kusukutua ina klorheksidini, tumia kwa siku ulizoambiwa na daktari, kisha acha. Ukizidisha, inaweza kuyapaka meno rangi ya kahawia.

• Usiichanganye na maji ili ikae muda mrefu. Hapo unawafundisha bakteria.

• Mdomo ukiendelea kunuka, au fizi zikitoka damu, usione aibu. Nenda kliniki ya meno. Kuficha harufu si kutibu.

Jipime

1. Kwa nini bakteria wa chini kwenye ukoga hupona kirahisi?
2. Rafiki yako anasema, "Mimi nasukutua tu, mswaki wa nini?" Utamjibuje?

Jadilianeni darasani. Na kesho asubuhi, mswaki kwanza!