Somo la Historia: Kionga na Wapagazi

Darasani tulizoea kufundisha kwamba Vita Kuu ya 1914 ilianza Ulaya, alipouawa mrithi wa ufalme wa Austria. Ni kweli. Lakini huku kwetu ugomvi wa makoloni waonekana pale pale mtoni Ruvuma.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana Ruvuma uwe mpaka. Hata hivyo, mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, kusini ya mlango wa mto. Ni kipande kidogo, ila Wareno hawakusahau. Machi 1916 Ujerumani iliwatangazia vita, kwa kuwa walikamata meli zake bandarini Lisbon. Aprili wakaitwaa Kionga. Baadaye wakavuka mpaka Newala, wakafukuzwa mwaka ule ule. Novemba 1917 jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, naye akavuka kuingia Msumbiji, akitafuta chakula na risasi.

Je, nani alibeba? Hapa tusipite haraka. Wanyama waliuawa na mbung'o, basi mizigo ikawekwa vichwani mwa watu wetu. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Na vijijini majeshi yalichukua nafaka, mashamba yakakosa mikono.

Mwaka 1919 Wareno walipewa Kionga. Wenyeji hawakuulizwa.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, yawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki. Ambaye babu yake alichukuliwa upagazi, na jina lake bado lakumbukwa nyumbani, atuletee tuliandike.